Mlango wa Bibi Anastazia: Maisha ya Fundi Damiano Nikolaus, 1921–1979

Baba Padri, wazee wetu, shikamooni. Ndugu na majirani, nanyi mliotoka Kilosa na Mikumi mkapanda malori ya miwa kwa kukosa basi, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Watani, nawaona mmekaa pale karibu na majembe. Naomba mnivumilie mpaka nimalize, kisha mtafanya yenu. Mimi ni Fausta, mtoto wa kwanza wa marehemu. Ndugu wamenituma nisome maisha yake, na Bibi, mama yake mzazi, ameniambia neno moja tu: "Usimpambe." Basi sitampamba.

Marehemu Damiano Nikolaus alizaliwa milimani Vidunda tarehe 27 Septemba 1921, siku ya Watakatifu Kosma na Damiano, ndiyo maana katekista hakuhangaika kutafuta jina. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa Mzee Nikolaus na Bibi Anastazia. Wa pili ni Shangazi Ida, yule pale mwenye kitambaa cheusi. Mzee Nikolaus alifariki mwaka 1936. Bibi alibaki kwenye shamba la ukoo wa mama yake, katika nyumba ya udongo na nyasi aliyoikandika kwa mikono yake mwenyewe. Kwetu mwanaume ndiye anayehamia kwao mke, kwa hiyo Shangazi Ida alipoolewa, mumewe, Mzee Urbanus, alikuja kujenga palepale. Lakini alijenga upande wa pili wa migomba, kwa sababu mkwe mwenye adabu hakutani na mama mkwe wake mlangoni, wala hamwoni akitoka kulala. Mlango wa Bibi ulitazama mlima, na hapakuwa na mlango mwingine uliotazamana nao. Naomba mlishike hilo, maana nitalirudia.

Alisoma shule ya misheni huko huko mlimani kuanzia mwaka 1931 hadi alipomaliza darasa la nne mwaka 1935. Katika kitabu hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Wazee waliosoma naye wanasema siku moja aliona mwenzake mfupi miguu inaning'inia kwenye benchi, akatoka darasani bila ruhusa akarudi na gogo la kumwekea chini ya miguu. Mwalimu alimchapa fimbo kwa kutoka bila ruhusa. Kesho yake mwalimu yuleyule akamwita pembeni akamwambia amtafutie na yeye gogo. Mapadri walipoona hivyo walimpeleka kwenye karakana ya seremala, akakaa huko na randa na patasi mpaka mwaka 1939.

Mwaka 1940 alishuka Kilosa kutafuta kazi. Alianza na milango na madirisha ya nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba zile mnazozijua, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, na milango yote inatazamana. Baadaye akaitwa kwenye mashamba ya mkonge kutengeneza vitanda na makabati ya mameneja. Alipenda kusimulia habari ya meneja mmoja aliyekuwa na chumba kikubwa kama ghala na bado alikuwa hapati usingizi, kwa sababu kitanda chake kilikaa katikati kama meza ya karamu na mgongo wake ulikuwa wazi pande zote. Marehemu alikisogeza ukutani, akamwekea kabati upande wa pili. Yule bwana akalala mpaka akachelewa gwaride la asubuhi la vibarua, na kuanzia hapo marehemu akaitwa Fundi Vyumba.

Utaratibu wake wengi mnaukumbuka, maana alishawalaza. Kwanza hakupima chumba. Alitandika jamvi kwenye chumba kitupu, akamwambia mwenye chumba, "Haya, lala unavyolala kwako," kisha akatoka nje kuvuta sigara. Akirudi anamkuta mtu amejikunja anavyojikunja. Hapo alitoa chaki mfukoni akachora mahali kichwa kilipo, miguu ilipofika, mkono ulipoangukia. Hiyo chaki ndiyo iliyomwambia kitanda kiwe na urefu gani, dirisha likae wapi, shubaka la taa litobolewe upande gani. "Mtu akisimama anakudanganya," alikuwa akisema. "Akilala anasema kweli."

Tarehe 16 Agosti 1947, siku kama ya leo, alifunga ndoa kanisani Kilosa na mama yetu, Sesilia, binti wa fundi wa reli aliyetoka Kigoma. Alitaka chumba cha maharusi kiwe cha kupigiwa mfano, lakini angewezaje kumlaza mchumba kwenye jamvi kabla ya ndoa? Wakwe wangemvunja miguu. Akamkabidhi chaki shemeji yake, dada wa Mama, naye akamchora Mama akiwa amelala kwao, akamletea vipimo kwenye kipande cha uzi wa katani. Mama anasema kitanda kile kilimkaa kama gauni la kushonesha. Nimekisema kisa hiki kwa kusudi. Marehemu alipotaka kujua mtu analalaje, alipata njia. Mungu aliwajalia watoto wawili, mimi mwaka 1949 na ndugu yangu Vitalis mwaka 1953.

Uhuru ulipokuja, kazi iliongezeka. Karani mmoja wa Kilosa alipandishwa cheo akapewa nyumba waliyokuwa wakikaa Wazungu, na wiki haikupita mkewe akaja kwetu analia: "Fundi, nyumba ile ni ya serikali au ya mizimu? Nikilala naona dari linaniangalia!" Marehemu alimtandikia jamvi, akachora, akashusha pazia la kanga juu ya kitanda, akafanya chumba cha kubadilishia nguo kuwa chumba cha watoto. Mwaka 1963 tulihamia Mikumi, barabara ilipoanza kuleta watu. Pale alitengeneza nyumba ya Mwalimu Melkizedek mwenye watoto saba, na kila mtoto alipata pake. Mmoja alikuwa anaota na kurusha mateke, akapata kitanda chenye kizuizi cha mbao. Mwingine aliogopa tembo wanaokuja kula mahindi, akatobolewa dirisha juu kabisa, aone nyota asione tembo. Mwalimu yupo hapa, atanisahihisha nikikosea.

Sasa nafika mahali ambapo marehemu mwenyewe alikuwa akifika hapo ananyamaza. Mwaka 1974 ilikuja amri ya watu kushuka milimani kuingia vijiji vipya. Marehemu alikuwa mwanachama wa TANU aliyeamini kweli. Aliamini kwamba watu wakikaa pamoja watapata shule, zahanati na maji, na sitamcheka leo kwa kuamini, kwa kuwa shule ipo na wajukuu zake wanasoma. Alichaguliwa mkuu wa ujenzi wa kijiji hiki chetu hapa bondeni, na akatumwa Vidunda kuwashawishi watu wa kwao. Watu hawakutaka. Walimwambia, "Damiano, wewe umezoea mjini, sisi tuache na mlima wetu." Basi akasema maneno ambayo Shangazi Ida aliyasikia kwa masikio yake: "Wakiona nimeanza na mama yangu, watashuka wote."

Akapanda juu ya nyumba ya Bibi, akaezua nyasi kwa mkono wake. Bibi alikaa chini kwenye kinu kilichopinduliwa, anatazama. Alipoteremka, marehemu alimpigia magoti.

"Mama, usihuzunike. Nitakujengea chumba kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza."

"Umemaliza?" Bibi akamwuliza. "Basi nishikie hilo jungu, tushuke."

Na kweli, watu walipoona hivyo walishuka. Wapo waliomlaani na wapo waliomshukuru, na wote mmekuja leo kumzika. Mungu awabariki.

Nyumba aliyoijenga mnaiona hapo nyuma yangu. Ilikuwa nyumba ya mfano ya kijiji, ya tofali, yenye ukumbi katikati na vyumba kila upande, kama alivyozoea Kilosa. Familia nzima iliingia humo. Mzee Urbanus, ambaye anapenda kukaa kimya, alipata chumba chenye kiti dirishani. Shangazi Ida alipata kabati lenye droo za mbegu, maana hakuna mwanamke anayeweka mbegu kama yeye. Vitalis, mrefu kama mlingoti, alipata kitanda ambacho hakijamtoa miguu nje mpaka leo. Mimi nilikuwa mshonaji pale Mikumi, nikiishi kwangu, lakini nilitengewa chumba chenye meza ya kukatia vitambaa. Na chumba cha Bibi kilishinda vyote. Kitanda cha mninga, shubaka la msalaba, rafu ya vyungu, sakafu ya saruji iliyosuguliwa mpaka unajiona, na shuka nililolitarizi mimi mwenyewe maua pembeni.

Bibi alilala humo usiku mmoja. Kesho yake akahamia jiko la nje, akatandika mkeka karibu na mafiga.

"Kuna joto huku, mwanangu," alisema. "Mifupa ya kizee inataka moto."

Marehemu alifikiri ni kitanda. Akakata matendegu, kikawa kifupi. Bibi akashukuru, akarudi jikoni. Akafikiri ni sakafu ya saruji inayoleta baridi, akaivunja akakandika udongo kama wa Vidunda. Bibi akashukuru, akarudi jikoni. Akapunguza dirisha, akafanya shubaka la pili, akaleta mafiga matatu kutoka mlimani akayapanga chumbani, ati pengine Bibi amekosa harufu ya moshi. Jamani! Mtu aliyewalaza makarani na mameneja kwenye jamvi, akawachora kwa chaki, hakuweza kumwambia mama yake mzazi lala hapa nikuone. Hakumtuma hata dada yake, kama alivyomtuma shemeji yake zamani. Alidhani mama hapimwi, kwa sababu anajulikana. Kinyozi hajinyoi, wahenga wamesema, na huyu alijinyoa vibaya.

Wakati huohuo Mzee Urbanus alianza kutokea dirishani. Mkistaajabu ya Musa mtayaona ya Firauni. Kila Bibi alipoingia ndani mchana kufagia chumba chake, mzee mzima wa watu alipanda kiti chake, akatoka kwa dirisha na kofia kichwani. Marehemu alimwona. Mnadhani aliuliza kwa nini? Alisema, "Kila mtu na tabia yake," akamjengea ngazi ndogo chini ya dirisha, yenye mshikio, asije akaumia.

Wageni walikuja kutoka vijiji vingine, hata kutoka Dumila, kutazama nyumba ya mfano. Waliingizwa chumba cha Bibi wakapapasa kitanda, wakasifu shuka. Kiongozi mmoja alimwuliza Bibi mbele ya watu anaonaje chumba. "Kizuri, baba," Bibi akajibu, akaenda kuchochea moto wake. Marehemu alitamani ardhi ipasuke. Jioni ile alitoa jamvi lake la kazi akalitandika ukumbini. "Mama yangu yuko jikoni," alisema, "mimi nilale kwenye godoro?" Hakukilalia kitanda chake tena. Mama yetu alivumilia siku tatu, ya nne akachukua godoro akalibwaga chini kando ya jamvi. "Ulitaka nilale peke yangu kama mjane?" akamwuliza. Kitanda chao kikasimamishwa ukutani, kikakaa hivyo miaka yote.

Aliacha pia kupokea kazi. Watu walimfuata awatengenezee vyumba, akawaambia waende kwa Petro, mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ni fundi kamili. Mtu akimsifu, alibadilisha maneno akazungumzia mvua. Usiku wa Krismasi mwaka 1975 niliona kwa macho yangu anasimama nje ya jiko, kofia mkononi, anamsikiliza mama yake akikohoa kwa moshi. Nikamwambia, "Baba, ingia ulale." Akaniambia, "Nilimtoa kwake, Fausta. Nilimtoa kwake nikamleta kwenye nyumba yangu, na hana pa kulala."

Na sisi? Sote tulikula chakula kilichopikwa pale Bibi alipolala. Tulimkunjia mkeka asubuhi ili tupate pa kuweka sufuria. Shangazi Ida alijua sababu tangu siku ya kwanza, na Mzee Urbanus alijua zaidi yake, lakini wangesemaje? Jambo la mkwe na mama mkwe halisemwi na mkwe, halisemwi na mke wa mkwe, na mama mkwe mwenyewe akilisema amejivua nguo. Shangazi ameniruhusu niseme haya leo. Amelia tangu juzi kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya kifo tu.

Jambo lisilosemwa na mtu kwetu lina mtu wa kulisema, naye ni mtani. Novemba 1977 tulikuwa msibani kwa jirani, na mtani wetu Mwinshehe, Mluguru, alikuwa anafanya vituko vyake kama kawaida ya watani. Alichukua majamvi mawili akayasimamisha yakitazamana, akajifunga kanga kifuani, akachungulia kutoka nyuma ya moja kama bibi kizee anayekwenda kuoga.

"Fundi Damiano!" akapaza sauti. "Umepanga vyumba mpaka vya kuku! Mama yako umemweka mlango kwa mlango na mkwewe! Akitoka na kanga moja, Urbanus ajifiche wapi, mvunguni? Au ndiyo maana umemjengea ngazi ya dirishani? Faini! Kuku mmoja!"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Marehemu hakucheka. Alisimama, akamtazama Urbanus, na Urbanus akatazama chini. Akaondoka bila kofia yake mpaka nyumbani, akaenda moja kwa moja jikoni. Mimi nilikuwa pale namenya mihogo na Bibi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba."

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini, Damiano? Kwamba mkwe wangu ananiona nikitoka kitandani? Hayo mwanaume mzima anaambiwa na mama yake?"

"Lakini Mama, ningejua…"

"Ulikuwa unawauliza watu wote wanalalaje," Bibi alisema. "Wazungu uliwauliza. Mke wa karani ulimwuliza. Mimi nikasema moyoni, ngoja, siku yangu itafika."

Marehemu alikaa chini pale jikoni akalia, na sikuwa nimewahi kumwona analia. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na kwake yalikuja na mvi. Bibi hakumbembeleza. Alimsogezea bakuli la mihogo akamwambia amenye, mikono isikae bure. Faini ya Mwinshehe aliilipa siku ileile, jogoo mweupe, na akamshika mtani wake mkono kwa muda mrefu kuliko desturi.

Mwaka 1978 aliung'oa mlango wa chumba cha Bibi uliokuwa ukumbini, akaziba tundu lake kwa tofali, akapiga chokaa hadi usingejua kulikuwa na mlango. Kisha akabomoa ukuta wa nje upande wa mlima, akafungua pa kutokea panapotazama Vidunda na hapatazamani na mtu. Akapata mbao za mninga kutoka upande wa Mikumi, akazilaza darini zikauke, kwa sababu mninga mbichi hupinda, na mlango huu alisema hautapinda. Tundu likabaki na mkeka tu umening'inizwa. Bibi alikuja akalitazama, akasema, "Pazuri. Mlango ukiwepo nitalala." Akarudi jikoni kungoja.

Hapo namlaumu, na Bibi alisema nisimpambe. Februari mwaka huu marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Petro alikuja akamwomba amalizie yeye ule mlango, ni kazi ya siku mbili kwa mtu mzima wa afya. Marehemu alikataa katakata. "Huo ni wangu," alisema. "Niliezua mwenyewe, nitafunga mwenyewe." Tulimbembeleza sote. Mama alimwambia, "Baba Fausta, unamfungia mlango mama yako au unajifungia wewe?" Akageukia mbao zake. Alikuwa anakaa na randa mapajani, anasukuma mara mbili, anapumzika, anasukuma tena. Mbao tatu alizilainisha hivyo. Nyingine zilimshinda.

Mwezi wa Julai alipelekwa hospitali Kilosa. Waganga walisema ni moyo, umechoka na umepanuka, na walimhudumia vizuri, tunawashukuru. Siku za mwisho alikuwa anachora kwa kidole kwenye shuka. Nilidhani amechanganyikiwa, kumbe alikuwa anapima. Aliniuliza, "Fausta, hivi Mama analalia upande gani?" Nikamwambia sijui, Baba, jikoni hulala amejikunja popote penye nafasi. "Na mimi sijui," akasema. "Miaka yote hii, mimi sijui." Alifariki Jumanne, tarehe 14 Agosti 1979, saa kumi na moja alfajiri, akiwa amepakwa mafuta matakatifu.

Jana asubuhi, wakati mwili ukiwa njiani kuja, mafundi walikusanyika hapa chini ya uongozi wa Petro kutengeneza sanduku. Mnajua hali ya mwaka huu, mbao hakuna, misumari hakuna, sanda yenyewe tumeipata kwa kuzunguka. Petro akakumbuka mninga wa darini, akauteremsha. Alikuwa ameshashika msumeno Bibi alipotoka jikoni.

"Hizo ni za nini?"

"Za sanduku la Fundi, Bibi," Petro akajibu. "Hakuna nyingine, na yeye anastahili mninga."

"Hizo ni mlango wangu."

Watu wakatazamana. Nilisikia mtu nyuma yangu ananong'ona kwamba uzee umemharibu, mama gani huyu anayemnyima mwanawe sanduku. Nami nilikuwa na hasira, sitaficha. Nikamwambia, "Bibi, Baba azikwe na nini?" Akanijibu bila kupaza sauti.

"Aliniahidi mlango, akafa anaulilia. Mkimzika na mlango wangu atalala vipi huko aendako? Akazikwe na deni la mama yake mgongoni?" Kisha akanyoosha fimbo. "Kitanda chake kile pale, kimesimama ukutani. Na kifuniko, ule mlango aliokosea, upo nyuma ya jiko. Aende nao. Asiniachie hapa."

Petro alivua kofia. Akafanya kama alivyoambiwa. Sanduku hili mnaloliona limetengenezwa kwa mbao za kitanda ambacho marehemu alijinyima kukilalia, na sasa amekilalia. Kifuniko ni mlango wa ukumbini. Mkitazama karibu na upande wa miguu mtaona tundu la kitasa limezibwa kwa kipande cha mninga, kipande pekee ambacho Bibi alikubali kikatwe.

Kisha mafundi wakafanya mlango. Mbao tatu zilizolainishwa na marehemu ziliwekwa katikati, kwa nje, pale mkono unapogusa. Bawaba zilitoka kwenye sanduku lake la kazi, alikuwa amezipaka mafuta akazifunga kwenye kitambaa. Gari lilipofika na mwili, mlango ulikuwa umesimama. Tulitaka kumweka marehemu ukumbini kama ilivyo kawaida. Bibi akasema, "Mleteni kwangu."

Tukamwingiza kwa mlango mpya, ule unaotazama Vidunda, sanduku likawekwa juu ya viti viwili kando ya kitanda. Bibi alivuta mlango akaufunga, akasukuma komeo, akafungua, akafunga tena. Mlango haukulia. Akanigeukia akasema amechoka, atajinyoosha kidogo. Nikamtandikia mto mchagoni, upande wa kichwa aliouchonga marehemu, upande wa ndani. Bibi akautoa ule mto, akauhamishia mwisho wa pili, akalala kichwa kikiwa mlangoni, miguu ndani, uso kuelekea mlima. Mkono wake wa kulia uliangukia kwenye sanduku.

Kumbe analalia upande ule. Nilifungua sanduku la kazi la Baba, nikatoa chaki, nikachora mahali kichwa chake kilipo na mahali mkono ulipoangukia. Kisha nikainama nikamwambia Baba jibu la swali lake. Bibi alilala alasiri yote, mchana kweupe, na kelele zote za msiba, mpaka wanawake wakaniuliza kama ni mzima. Ni mzima. Alikuwa anakoroma.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Sesilia, watoto wawili, Fausta na Vitalis, wajukuu watano, dada yake Ida na shemeji yake Urbanus, watani wenye haki zao zote, na mama yake mzazi, Bibi Anastazia, ambaye tangu jana ana mlango wake.

Mama yake amelala chumbani kwake. Na yeye sasa apumzike kwa amani.